Mikono Isiyo na Uso

Asubuhi Erasmo alikuta mafundo kumi na mawili kwenye uzi wa mazoezi ya kushona alioufunga kwenye mguu wa kiti. Jana yake alikuwa amefunga manne, tena ya hovyo. Haya mapya yalilala sawasawa, na uzi ulikuwa na unyevu, unanuka usipa mbichi, wale dagaa wa ziwani. Chumba chake kiko Mbinga, mlimani. Ziwa liko mbali huko bondeni.

Angekuwa na akili angeutupa. Lakini siku zile Erasmo hakuwa na akili, alikuwa na wivu. Yeye na Walburga walikuwa wanajifunza upasuaji hospitali moja, chini ya Daktari Leopold, na Walburga alikuwa anampita kila siku. Bingwa mmoja, wagonjwa kibao, kwa hiyo wote wawili walitegemea video za mtandaoni. Mtandao ulishika vizuri kwenye ukuta wa makaburi ya misheni tu. Hapo ndipo walipokaa mchana kupakua masomo. Walburga akipata somo zuri humrushia mwenzake, hana choyo. Hilo ndilo lililomuuma Erasmo kuliko yote, kusaidiwa.

Mafundo yale alijua yametoka wapi. Wiki iliyopita, pale ukutani, ilitokea chaneli asiyoijua: mikono miwili mitupu, haina uso, haisemi, inashona vizuri ajabu. Hakumrushia mtu. Aliandika kwenye maoni, "Nifundishe mimi tu. Walburga asipate."

Jibu likaja palepale: "Na wewe usifundishwe na mwingine."

Tangu hapo masomo mengine yaligoma kufunguka kwenye simu yake. Leopold akimweleza jambo, masikio yanajaa mlio wa maji. Lakini mikono yake, hata kidole gumba chenye kovu la kisu cha kupogolea kahawa, ilikuwa inashona upesi na kwa ustadi. Leopold akasema, "Ijumaa Erasmo atapasua. Walburga, utamsaidia." Erasmo alifurahi mno, na furaha yenyewe ilikuwa kumwona Walburga akiinama.

Mgonjwa alikuwa Mama Benadetha wa Tingi, ana uvimbe tumboni. Watoto wake wanne walisubiri nje kwenye benchi. Uvimbe ulitoka vizuri, Erasmo akaanza kushona.

"Gozi moja haipo," Sista Ottilia, aliyekuwa anahesabu vitambaa vya kufyonzea damu, alisema kwa sauti ya chini. "Daktari, usifunge."

"Subiri kaka, tuitafute," Walburga akasema.

Erasmo alitaka kusubiri, alitaka kwa moyo wote, ila kwenye ile video hapakuwa na kuhesabu, na mikono yake ilijua ya kwenye video tu, ikavuta uzi, ikafunga, ikavuta, ikafunga, huku maji yakimvuma masikioni na harufu ya usipa ikipanda ndani ya barakoa, na Walburga alipoishika mikono hiyo akahisi, kupitia glavu, ubaridi wa mtu aliyeopolewa ziwani.

"Siyo mimi," Erasmo alinong'ona. "Dada, nizuie. Siyo mimi."

Leopold, aliyekuwa akiwasimamia, alimvuta nje kwa nguvu. Walburga akakata mafundo moja moja, akaitoa gozi nyuma ya utumbo, akafunga upya. Mama Benadetha alipona.

Erasmo walimpeleka kwa bibi mmoja mganga kule ufukweni. Bibi akaizamisha simu ziwani na kumwosha mikono kwa dawa siku tatu. Mikono ikatulia. Ilitulia mno, mpaka leo mke wake ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

Mwezi uliofuata Walburga alikaa ukutani kutafuta somo. Video ya kwanza ilikuwa ya mikono miwili isiyo na uso, inashona. Kidole gumba kilikuwa na kovu la kisu cha kupogolea. Chini kabisa pameandikwa: "Huyu nimemmaliza. Wewe unamwonea nani wivu?"

Wiki ile alikuwa amekuja mwanafunzi mpya, Nazari, na Daktari Leopold alikuwa ameshamsifu mara mbili mbele ya watu. Walburga alitazama huku na huku, hakuna mtu. Akapakua.