Nguzo ya Konstantino

Honda XL iliruka tuta la Issenye ikiwa spidi mia na kumi. Wegesa Werema, jasusi wa Idara, hakugusa breki.

"Konstantino yuko lamboni," bosi wake, Nestory, alisema redioni kutoka Sirari. "Akibomoa ukuta, polisi wote watakimbilia mafuriko. Ndipo dhahabu ya magendo ivuke mpaka huku. Zima pampu yake."

Chini ya lambo ilikuwa shule ya sekondari. Neema, mdogo wake Wegesa, alikuwa ndani akifanya mtihani.

Aliilaza pikipiki vichakani, akachomoa Glock.

Mlinzi mmoja. Kitako cha bastola kilimlaza kabla hajageuka.

Nguzo nyembamba ya chuma, mita kumi na mbili, iliuinamia ukuta wa lambo. Kileleni bomba lilitema maji, udongo ukimomonyoka. Konstantino, mhandisi aliyelazimisha watu wamwite Daktari kwa digrii ambayo hakuna aliyeiona, aliitazama kama baba wa bwana harusi.

Wegesa aliitazama pia, akasonya. Maji yaliporuka mbele, yaliisukuma nguzo nyuma. Mpumbavu yule alipiga hesabu kana kwamba ameitwika gunia la mahindi, ambalo huelemea upande uleule siku zote. Msukumo wa maji haukai hivyo. Nguzo ikipinda, nao unageuka pamoja nayo, mpaka nguzo inaanza kucheza. Tena alikuwa ameifungia shokapu za bodaboda ili itulie. Kwa nguzo ya namna hii, shokapu huharakisha anguko.

Swichi ya pampu ilikuwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Nje ulibaki waya wa mafuta tu, wa kuongeza kasi ya injini yake.

"Siwezi kuizima," alisema redioni. "Naweza kuizidisha."

Nestory akauliza, "Na ukuta ukiwahi kupasuka?"

"Mdogo wangu yuko chini yake. Najua."

Aliuvuta waya hadi mwisho, akaufunga. Injini ikanguruma.

Konstantino aligeuka, akacheka. "Asante, dada. Nguzo hii haiangushwi na msukumo wowote."

Mabonge ya udongo yalidondoka. Wegesa aliogopa, na aliuchukia woga huo.

Nguzo ikatikisika. Kushoto. Kulia. Kila mara zaidi.

Ikakatika shinani, ikaipondaponda pampu. Maji yakakata.

Ukuta ulibaki umesimama.

"Nilipiga hesabu," Konstantino alinung'unika, magoti matopeni, pingu za Wegesa mikononi.

"Ulipima gunia la mahindi, mura."

Nestory akaarifu kwamba dhahabu imekamatwa Sirari. Wegesa alichomoa karatasi ya hesabu mfukoni mwa Konstantino, akafutia matope ya buti zake, akamrudishia mfukoni.

Kengele ya shule ikalia. Aliifuata Honda taratibu. Neema angehitaji usafiri wa kurudi nyumbani.