Timazi Iliyobaki Machochwe

Haya yalimpata rafiki yangu Athumani, fundi mwashi wa Mugumu, mwaka ule watu walipohamishwa kwa nguvu. Alitumwa Machochwe kukagua ghala jipya la kijiji, lenye ufa ambamo hata wembe usingepita. Hakuna aliyeitikia salamu yake. Mama mmoja, Waisiko, alitema mate mbele yake.

"Mmejenga juu ya boma letu," alisema. "Haya, pima!"

Alipoingia, wanakijiji wakamfungia mlango kwa nje.

Ghala halikuwa na dirisha. Akawasha tochi, akaweka pimamaji: ukuta ulikuwa sawa. Akaning'iniza timazi msumarini, kamba na chuma chake kizito: sawa pia. Basi akatega sikio, akagonga kwa nyundo. Karibu na ufa, ukuta uliitika kama mtungi mtupu.

Tochi ikazimika. Akapapasa kamba ya timazi, akaikuta imelala upande, imekaza kuelekea kwenye ufa. Akaivuta. Ikavutwa kwa nguvu, ikamchana kiganja.

"Fungueni!" alipiga kelele.

Waisiko alifungua. Mwanga ulipoingia, msumari ulikuwa mtupu. Na ndani ya ukuta chuma cha timazi kilikuwa kinagonga, taratibu, kikielekea mlangoni.