Gemu Lililokosa Nafasi

Diski ilikuwa imejaa pomoni, lakini gemu liliendelea kujipakua humo. Fundi kompyuta alikuna kichwa. Ni sawa na kuona maji yakiingia kwenye ndoo iliyojaa bila kumwagika hata tone.

Kosa lilikuwa lake. Binti yake, waliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alikuwa amemganda apakuliwe gemu la jumba lenye milango mingi. Kompyuta ya nyumbani, kuukuu maskini ya watu, ilikataa: gemu hilo ni la mashine za aina nyingine. Fundi akaidanganya kwamba yenyewe ndiyo hiyo mashine nyingine, kisha akabofya "Kubali" kwa kila swali bila kusoma, kama mafundi wanavyofanya. La mwisho nalo likampita hivyohivyo: Nafasi haitoshi. Nitafute kwingine humu nyumbani?

Kubali.

Wakati wa chakula Kasuku alimtazama paka wake. "Huyu anaitwaje?" Wakacheka. Asubuhi akawa hajui chooni ni wapi, na hapo hakuna aliyecheka. Kila aliposahau kitu, mstari wa upakuaji kwenye skrini ulikuwa umesogea mbele.

"Zima hicho kitu!" mke wa fundi alinong'ona.

"Nimezima, mke wangu. Hata waya nimechomoa."

Skrini ilikuwa inawaka. Sebule ilinuka udongo wa kaburi lililochimbwa sasa hivi, na feni ya mashine ilivuta pumzi, ikatoa, ikavuta. Kasuku alikuwa kimya kwenye kochi. Mama yake alipomshika mkono, aliurudisha taratibu kama mtoto aliyefunzwa kuogopa wageni, na yule mama akaangua kilio.

Mganga alipoitwa aligoma kuvuka kizingiti. "Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Mashine haikulitosha, sasa linamfuta mwanenu lipate pa kukaa. Nani alilikubalia?"

"Mimi," fundi alisema. "Litoe, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Nikilifukuza litaondoka na mtoto. Aliyeliruhusu ndiye wa kulihamisha, na likihama, vyote vya mtoto vitamrudia. Ila halihamii hewani."

Mkewe alielewa upesi kuliko yeye, akamshika shati. "Usifanye hivyo, mume wangu. Tutafute njia nyingine."

Lakini mstari ulikuwa umebakiza kipande chembamba, na fundi aliketi mbele ya skrini iliyokuwa ikipumua usoni pake, akamtazama Kasuku mara moja, akatazama vile vidole vyake vidogo na kovu la gotini alilolipata siku alipofundishwa baiskeli, akajikaza asisahau, asisahau, huku akiandika kwamba lihame, liende kwake yeye, akabofya.

Feni ikanyamaza. Harufu ikakatika. Kasuku alishtuka, akamwita paka kwa jina, kisha akakimbia na kumrukia baba yake shingoni, akiongea kwa fujo huku akilia.

Fundi alimfuta machozi kwa upole, kama mtu mzima yeyote angefanya.

"Usilie, mtoto mzuri," alimwambia. "Kwenu wapi?"