Msasa na Bamba Jeusi

Kila Jumatatu asubuhi Sonara alifungua mtambo wake wa gesi, akatoa mabamba ya nikeli na kuyasugua kwa msasa mpaka yang'ae. Alikuwa havumilii madini yenye doa.

Mtambo huo hugawa maji kwa umeme, zikapatikana gesi mbili, hidrojeni na oksijeni. Gesi hizo huwaka moto mkali wa kuunganishia dhahabu. Aliununua baada ya daktari kumkataza kutumia taa ya moshi, ambayo moto wake hupulizwa kwa mrija mdomoni. Kifua chake kilikuwa hoi.

Lakini sasa moto ulinyong'onyea wiki hadi wiki.

"Baba watoto," mkewe alisema, "ukirudi kwenye ile taa, nafunga duka na ufunguo natupa chooni."

"Hatufungi. Nitasugua zaidi."

"Sugua, sugua! Mwisho ubaki na tundu."

Siku hiyo jirani yao, mama anayefanya kazi maabara, alifuata pete yake.

"Shemeji, hayo mabamba yamekukosea nini?"

"Yana weusi, dada. Uchafu."

"Nani kakwambia ni uchafu? Hebu tuyaulize maji yenyewe."

Alifungua dirisha, gesi isijikusanye. Akavaa glavu, kwa kuwa maji ya mtambo yana dawa inayounguza ngozi. Akachukua bamba jeusi ambalo Sonara hajalisugua bado, akasugua kwa msasa nusu ya kulia tu. Akalitumbukiza pamoja na bamba jingine kwenye gilasi ya maji ya mtambo, hilo jingine akaliunganisha na upande wa hasi wa betri, na hili jeusi na upande wa chanya. Huko ndiko hutoka oksijeni.

Wote watatu wakainama. Kushoto, penye weusi, mapovu yalibubujika. Kulia, palipong'aa, yalitoka moja moja.

"Umeona? Kazi inafanyika hapo penye weusi," alisema jirani. "Ni utando wa nikeli iliyoungana na oksijeni, wenye chembe chache za chuma. Hata wataalamu bado wanabishana ni chembe zipi hasa zinazofanya kazi hiyo. Wewe kila Jumatatu unafukuza wafanyakazi, unabaki na jengo."

"Na anajiita fundi!" mkewe akaangua kicheko.

Sonara hakucheka. Aliuweka msasa kando. Tangu hapo aliyasuuza mabamba kwa maji safi tu, na kila Jumatatu akaupima urefu wa moto na kuuandika ukutani kwa penseli. Mkono ulimwasha kusugua, akajizuia.

Wiki ya tatu moto ulisimama wima, mwembamba, mkali. Sonara aliunganisha mkufu mzima bila kukohoa hata mara moja.

Msasa? Mkewe anasugulia masufuria.