Mkebe wa Bibi Harusi

Jirani yetu mmoja, tuliyemwita Mama Mikebe, alikuwa mpanga filamu kwenye ghala la filamu za zamani. Asubuhi hiyo alifika kama kawaida yake, akatundika mkoba, akajifunga leso puani. Maana ghala lile, jamani, lilinuka! Filamu ikizeeka inaoza. Inatoa harufu kali ya siki, inanata, inavimba, inavuja ute wa kahawia kama kidonda. Mumewe alikuwa hamsogelei mpaka aoge, tena mara mbili.

Mkuu wa ghala, Profesa, alikuwa anaandika kitabu kuhusu historia ya aina za filamu, na siku hiyo alikuja na amri mpya. Zingenakiliwa filamu za kutisha tu. Vichekesho, mapenzi, vita, vyote vingechomwa Ijumaa kwenye shimo la nyuma, kwa sababu nafasi imekwisha.

Kwenye rafu ya vichekesho palikuwa na filamu moja bubu, ya dakika tano, ambamo marehemu mdogo wake Mama Mikebe aliigiza bibi harusi asiyejua kupika. Anakoroga uji, unaungua, anaulamba kwa kijiko, anakunja uso, anacheka. Basi. Kicheko chake hakikubaki popote pengine duniani.

"Profesa, na hii ya bibi harusi?"

"Mama, filamu haizaliwi na aina yake," Profesa alisema huku akichokonoa meno. "Tuseme kwenye filamu bubu mtu anaporomoka kwenye ngazi. Piga kinanda haraka, ukumbi unacheka. Piga polepole, ukumbi unapiga mayowe. Zamani mkebe uleule, mji mmoja waliutangaza kuwa kichekesho, mji wa pili wakautangaza kuwa filamu ya kutisha, na kila mji ukaona ulichoambiwa. Lebo ndiyo inayofanya kazi."

Wazo lenyewe ni Profesa aliyempa. Mchana Profesa alipokwenda kula, Mama Mikebe alibandua lebo ya "Kichekesho". Mdogo wake ndiye aliyeiandika kwa mkono wake, kwa utani, K ikiwa na mkia uliojikunja. Akaitupa, akaandika nyingine: "Kutisha". Akausukuma mkebe kwenye rafu mpya.

"Nisamehe, mdogo wangu," alinong'ona. "Nakuokoa."

Kesho yake aliufungua ili aiandae filamu kwa kunakiliwa. Loo! Filamu ilikuwa imefura usiku mmoja tu. Ute ulimrukia mkononi, wa uvuguvugu kama mate ya mtu. Alitapika kwenye ndoo, akajifuta, kisha akaipitisha kwenye meza ya kutazamia.

Bibi harusi alikuwa anakoroga. Uji haukuungua. Ulitambaa. Ulipanda kwenye mwiko, ukafika kiganjani, na ndani yake mlikuwa na nywele na kucha. Mdogo wake aliulamba. Akakunja uso. Hakucheka. Akameza, akachota tena, akameza. Koo lake lilikuwa linacheza.

Halafu akamtazama dada yake.

Utotoni walizoea kuzungumza kwa midomo tu bila sauti, mama yao asisikie. Kwa hiyo Mama Mikebe aliisoma midomo ile bila shida, ijapokuwa ilikuwa inachuruzika.

"Dada, umeniweka wapi?"

Mama Mikebe akairudisha filamu nyuma. Akatazama upya. Safari hii sufuria ilikuwa kubwa zaidi.

Profesa aliingia akitafuna, akachungulia juu ya bega lake. "Lahaula! Hii ndiyo filamu ya kutisha! Tunainakili leo leo, Mama. Itadumu miaka mia mbili."

Miaka mia mbili ya kumeza uchafu ule. Mama Mikebe hakusubiri. Profesa alipogeuka kutafuta miwani, alikumbatia mkebe, ute ukamlowanisha kifua, akakimbia nao shimoni na kuuchoma mwenyewe, jua likiwa utosini. Alilia kwa sauti, bila haya. Moshi ulinuka uji ulioungua.

"Nenda, mdogo wangu. Nenda kapumzike."

Profesa alifoka mpaka povu likamtoka. Kicheko ambacho Mama Mikebe alitaka kukiokoa kilikuwa kimekwenda, na aliyekichoma ni yeye.

Jumatatu alikuta mkebe umerudi. Haukuwa kwenye rafu ya kutisha. Ulikuwa peke yake kwenye rafu ya vichekesho, iliyokuwa tupu baada ya kuchomwa vyote. Ulikuwa safi, hauna hata doa la moshi. Ndani hamkuwa na filamu, ila kijiko kilicholambwa mpaka kikang'aa, na juu ya kifuniko lebo yenye K ya mkia uliojikunja. Wino ulikuwa bado mbichi, ukamshika kidoleni.

Aliondoka nao kwenda nyumbani siku hiyohiyo, na kazi akaacha. Mkebe uko kabatini mwake hadi sasa. Niliwahi kukishika kijiko kile mwenyewe, na nikakiachia haraka. Kilikuwa na joto, kama kimetoka mdomoni mwa mtu sasa hivi.