Kitambaa Ndani ya Tangi

Kila alipotoka shule, Zaitun alipitia gengeni kwa mama yake, Kijakazi, akamsaidia kukata miche ya sabuni, ndipo akaenda bandani kwa Fundi Wilbrod. Sabuni aliikata kwa waya mwembamba. Aliuzungusha kwenye mche, akauvuta taratibu, na kipande kikaanguka kimenyooka. Alikuwa darasa la sita, na kazi hiyo aliifanya hata akiwa anawaza mambo mengine.

Fundi Wilbrod alikuwa mtu wa bara. Alikuwa akitengeneza ndege Dar es Salaam mpaka mashirika ya umma yalipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Akahamia Kibiti, ambako mkewe Marsela alikuwa muuguzi, akaanza kuunda ndege yake mwenyewe nyuma ya nyumba. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Wenzake wanaunda vitanda na makabati, yeye anaunda ndege! Miaka ikapita, na ndege ndogo ya viti viwili ikasimama pale bandani, nyeupe, imebaki kuruka tu.

Mkaguzi wa ndege kutoka Dar alikuwa aje siku ya Alhamisi. Akiridhika, Fundi angeruka siku hiyohiyo. Asiporidhika, mvua za masika zingeanza kabla hajarudi, kiwanja cha nyasi cha kurukia kingejaa maji, na Fundi angengoja miezi. Sasa tazama balaa: siku ya Jumatano geji ya petroli ikagoma. Boya linaloendesha geji hiyo, ndani ya tangi kwenye bawa, lilikuwa limekwama.

"Itabidi tufungue kifuniko cha tangi," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabla ya kuanza.

Petroli walikuwa wameshaimimina kwenye madumu, na jiko la Marsela likahamishiwa mbali. Skrubu zilitoka zote, lakini kifuniko hakikutikisika. Fundi alikuwa amekibandika mwenyewe kwa gundi ya tangi, na gundi hiyo ikikauka haina masihara. Alichukua bisibisi akataka kukibandua kwa nguvu, kisha akairudisha chini.

"Nikikipinda hiki, tangi litavuja maisha yake yote," alisema.

"Fundi, kwani hatuwezi kukikata kama sabuni?" Zaitun aliuliza.

Fundi aliinuka. Akaenda kuchomoa uzi mmoja mwembamba kwenye waya wa breki ya baiskeli, akaupenyeza pembeni, chini ya kifuniko. Akashika ncha moja, Zaitun akashika nyingine, wakaanza kuvutana, huku na kule, huku na kule. Gundi ilikatika kidogo sana kila walipovuta. Jua lilikuwa kali, ilikuwa Ramadhani, na Zaitun alikuwa amefunga. Koo lilimkauka, na mikono ikamuuma mpaka mabegani. Kifuniko kilipoachia, hakuna aliyeshangilia. Walikaa chini wote wawili wakahema.

Mkono wa Fundi haukupita kwenye lile tundu, wa Zaitun ulipita. Fundi alimpa kitambaa chekundu azibe bomba la kupeleka petroli kwenye injini, takataka za gundi zisiingie humo.

"Kitambaa hiki usikisahau," alimwonya. "Kikibaki, petroli itapenya kidogo kidogo. Hapa chini injini itawaka vizuri. Nikifika juu nikitaka nguvu, itazima."

Zaitun akakwangua gundi ya zamani, akafuta, akatoa boya bovu, akaweka jipya. Jioni ilipoingia, Fundi alikuwa ameshakoroga gundi mpya, na gundi hiyo haingoji mtu.

"Kitambaa umeshatoa?" aliuliza, macho yakiwa kwenye kazi.

Wakati huohuo adhana ya magharibi ikasikika. Zaitun hakuwa na hakika, lakini aliwaza kikombe cha uji. Kuingiza tena mkono ule uliokuwa ukimuuma, hapana, hakuweza.

"Nimeshatoa," alijibu, akakimbilia nyumbani, akamwacha Fundi akibandika kifuniko.

Alikuwa katikati ya futari, kipande cha muhogo mkononi, alipokumbuka vizuri kabisa kwamba hakukitoa. Akaurudisha muhogo sahanini.

"Weye una nini?" mama yake aliuliza.

"Nimechoka tu, mama."

Ni kweli alikuwa amechoka. Alijiambia atakwenda kumwambia Fundi akishamaliza kula, kisha akajiambia baada ya kuosha vyombo, na kabla ya vyombo kwisha alikuwa amelala kwenye mkeka.

Asubuhi alimweleza rafiki yake Muzdalifa wakiwa njiani kwenda shule.

"Si kitambaa tu?" Muzdalifa alisema. "Labda kitatoka chenyewe. Wewe nyamaza. Ukisema atakuchukia, halafu mkaguzi ataondoka zake."

Maneno hayo yalimpoza Zaitun kwa muda. Lakini wakati wa mapumziko ya mchana miguu ilimpeleka mpaka kwa Fundi. Alimkuta Marsela uani akipiga pasi shati jeupe.

"Karibu, mwanangu. Mume wangu leo anaruka," Marsela alisema. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, lakini anatabasamu.

Zaitun alimpita. Aliingia bandani, akasahau hata kuamkia.

"Fundi, kitambaa kimo ndani. Jana nilikudanganya."

Fundi Wilbrod alikuwa anamimina petroli. Aliiacha, akakaa juu ya dumu, akafuta uso kwa mikono yote miwili. Zaitun alitamani amfokee.

"Lete waya," Fundi alisema hatimaye.

Wakaanza upya. Kumimina petroli nje, kutoa skrubu, kupenyeza waya, kuvutana. Gundi ilikuwa imekauka kwa usiku mmoja tu, na tayari ilikuwa ngumu. Mkaguzi alipofika aliwakuta wamelowa jasho, kifuniko kikiwa nusu kimeachia.

"Nini hiki, Bwana Wilbrod? Si ulisema iko tayari?"

"Kuna kitambaa kilisahaulika ndani. Nilipaswa kuchungulia mwenyewe, sikuchungulia."

"Niliyesahau ni mimi," Zaitun alisema, na machozi yakamtoka.

Mkaguzi alingoja mpaka kitambaa kilipotolewa. Akakigeuza mkononi, kisha akaandika atarudi baada ya masika.

Masika yalinyesha kweli, na Fundi akangoja. Nyasi zilipokauka mkaguzi alirudi, akakagua, akatia saini. Ndege ikapanda, ikazunguka juu ya mikorosho na njia ya Ikwiriri, ikashuka salama. Marsela alikaa chini kwenye nyasi. Fundi alitoka, akamwendea mkewe kwanza, kisha akamwita Zaitun.

"Kusahau sikukulaumu hata siku moja," alimwambia. "Mtu akichoka husahau, na siku ile tulichoka sote. Lakini nilipokuuliza, ungesema tu, 'Sina hakika.' Ningetazama. Na hata ungekuja baada ya kufuturu, gundi ilikuwa bado mbichi, kifuniko kingetoka kwa kidole. Ulipolala na lile jambo, liligandana. Ndiyo maana tulilikata kwa jasho, na nikapoteza miezi."

Zaitun aliinamisha kichwa.

"Miezi nimeshaisamehe," Fundi aliendelea. "Ulichelewa, lakini ulikuja. Usingekuja, leo Marsela angekuwa anapokea rambirambi."