Sarufi ya Malachy

Risasi ilipasua kioo cha nyuma cha Toyota. Sorcha Hannon, jasusi wa jeshi la Ireland, alivuka daraja la Limerick akiwa amekanyaga mafuta hadi mwisho.

"Tupa sasa," Mkuu Dineen aliamuru kwenye simu.

Akatupa diski dirishani. Waliomfukuza wakafunga breki, wakaiokota, wakageuza gari.

Wapumbavu.

Diski ilikuwa chambo, ili Mulqueen adhani ndicho kitu pekee alichoibiwa. Kazi yenyewe ilikwisha alfajiri, ndani ya ghala la Cathal Mulqueen, mshenzi aliyemuua Malachy, kaka yake Sorcha, ili amwibie programu.

Malachy alifuga programu kama jirani zake walivyofuga mbwa wa mbio. Zinazaliwa maelfu, zinapandishwa, hafifu zinatupwa, mshindi anabaki. Ila hazizaliwi ovyo. Kuna sarufi, yaani sheria zinazosema kipi kiruhusiwe kuzaliwa. Mulqueen alizalishia humo njia za droni zake za kusafirisha bunduki za magendo, njia za kukwepa rada, upya kila asubuhi kulingana na upepo.

Wafugaji hawa wa programu wana ugonjwa mmoja. Hutazama alama za mshindi tu, sarufi hawaifungui tena. Alfajiri ile Sorcha aliongeza humo sheria moja.

Saa sita mchana simu ya Sorcha ikalia.

"Pole, bibie," Mulqueen alicheka. "Diski ninayo. Mshindi wa leo kapata tisini na tisa kwa mia! Droni nane ziko hewani. Kaka yako angejivunia."

"Usimtaje."

"Utanifanya nini?"

"Geuka."

Aligeuka. Sorcha alikuwa amesimama nyuma yake mle ghalani, bastola yake ya Walther ikimtazama usoni.

"Fungua sarufi. Soma mstari wa mwisho."

Mulqueen akasoma. Kila njia iishie uani mwa kambi ya jeshi.

"Lakini alama..."

"Nzuri sana. Droni zimekwepa rada zote, zikaja kwetu."

Dineen akaingia hewani. "Nane zimetua. Bunduki zote tunazo. Askari wetu wako mlangoni kwake."

Kidole cha Sorcha kilikaza kwenye kifyatulio. Alimchukia mtu huyu kwa roho yake yote.

"Niue basi," Mulqueen alinong'ona.

"Upumzike? Thubutu! Utaozea jela, na kila ukiamka utakumbuka kwamba marehemu amekushinda."

Akarudisha bastola kotini, akawapisha askari wenye pingu, akatoka mvuani taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alisikia njaa.